Mama Cheche na Sindano ya Ganzi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke mwenye mikono mipana na makovu madogo madogo ya moto hadi kwenye viwiko. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka kwenye karakana yake. Cheche ikimrukia shingoni aliipangusa kama mtu anayefukuza inzi, akaendelea na kazi. Sindano tu ndiyo ilikuwa habari nyingine. Watoto wake wote walipelekwa kuchanjwa na baba yao, ingawa naye akiona damu ya kuku huanza kutafuta pa kukaa.

Kwa hiyo gego la mwisho, lile wanaloliita jino la akili, lilipoanza kumsumbua, alikaa kimya. Lilikuwa limeota kiubavu, likiliegemea jino la jirani kama mlevi. Mama Cheche akatafuna upande mmoja, akalala upande mmoja, mpaka shavu likavimba akashindwa kuvaa ngao ya kuchomelea. Hapo ndipo wifi yake alipoingilia kati.

Wifi alikuwa dada wa mumewe, fundi cherehani, na miaka yote hiyo hakuwahi kumtolea mke wa kaka yake neno moja tamu. Akiona nguo zilizotobolewa na cheche alikuwa anauliza, "Wifi, hilo gauni umelivaa au umelichujia chai?" Akionja mboga alikunja uso kabla haijafika ulimini.

"Twende kwa daktari wa meno," alisema asubuhi hiyo, viatu ameshavaa. "Mumeo mwache nyumbani, atatuongezea mgonjwa."

Kliniki ilikuwa juu ya duka la rangi. Chumba cha daktari na benchi la kusubiria vilitenganishwa na ubao mwembamba, mtu akikohoa huku wa kule anapewa pole. Wifi akabaki kwenye benchi. Mama Cheche akaingia, akalala kwenye kile kiti kirefu, mikono kifuani kama maiti.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alimfunga mkanda wa kupimia presha, kisha akambana kidoleni kifaa cha kuhesabu mapigo ya moyo.

"Presha imepanda kidogo. Una ugonjwa wa moyo?"

"Sina."

"Unaogopa?"

"Mimi?" Mama Cheche akacheka. Kifaa cha kidoleni hakikucheka, kiliongeza mwendo.

Daktari akamweleza vizuri tu. "Dawa hii ya ganzi imechanganywa na kitu kinachobana mishipa ya damu kwenye fizi. Ganzi inadumu, na damu haitoki nyingi. Ila kikiingia kidogo kwenye mzunguko wa damu, moyo unaweza kwenda mbio. Usishtuke, ni dakika chache tu."

Mama Cheche aliitikia kwa kichwa. Hakusikia hata neno, macho yake yote yalikuwa kwenye sindano.

Daktari akachoma polepole, kwa mkono mwepesi. Haikuuma sana. Lakini mara moyo ukaanza kugonga, kwanza kwa adabu kama mgeni, halafu kama mpangaji aliyefungiwa nje. Jasho likamtoka, kifaa kikalia ti-ti-ti-ti kama kimeona mwizi. Basi ndiyo naondoka hivi, akawaza, na geti la mwalimu sijalipaka rangi.

"Mdomo umeshakufa?" muuguzi aliuliza, akiandaa koleo.

"Bado," daktari akajibu. "Mpe muda kidogo. Akishakufa ganzi vizuri tunaanza kupasua."

Pale pale kwenye neno ganzi, muuguzi aliangusha sinia la vyuma. Upande wa pili wa ubao, Wifi hakulisikia neno hilo. Alichosikia ni kwamba akishakufa vizuri, wanaanza kupasua.

Kilio kikaanza chini chini, kisha kikapanda.

"Jamani wifi yangu," Wifi alilia. "Fundi wa mafundi. Nani alimtengenezea mama yetu kitanda cha chuma alipovunjika nyonga, tena kwa mikono yake? Kaka yangu alikuwa mtu wa kupotea, huyu ndiye aliyemnyoosha kama nondo. Na mboga yake haikuwa na chumvi nyingi, jamani, mimi nilikuwa nasema tu."

Mama Cheche akafumbua macho. Akasahau kwamba anakufa. Alitega sikio, na kadiri sifa zilivyoongezeka ndivyo kifua kilivyotulia. Kifaa nacho kikarudi kwenye mwendo wa kutembea.

"Kamtulize yule mama," daktari akasema.

Mama Cheche akamdaka muuguzi mkono wa koti. "Mwashe," alisema kwa ulimi uliolala. "Mwashe asheme."

"Anasemaje?"

"Nadhani anasema tumwache aseme."

Daktari akatabasamu nyuma ya barakoa, akatazama kifaa. "Moyo umetulia. Mwili ukiogopa hutengeneza wenyewe kitu kama kile kilichomo kwenye dawa. Mimi nilikuchoma moja, ya pili ulijichoma mwenyewe."

Muuguzi akatoka hata hivyo, akamweleza Wifi kwamba kilichokufa ni mdomo. Kilio kikakatika. Ndani, mashine ya kukatia jino ikaanza kunguruma kama grenda ndogo, na kwa mlio huo Mama Cheche akajisikia yuko kazini. Gego likakatwa vipande viwili, likatoka.

Alipotoka na pamba mdomoni, Wifi alikuwa amekaa wima, uso umepanguswa.

"Nina mafua," Wifi alisema kabla hajaulizwa.

"Mmh," Mama Cheche akajibu, akimtazama kwa furaha yote ambayo nusu ya uso iliweza kubeba.

Nyumbani alijaribu kumsimulia mumewe kila kitu, tangu nondo hadi mboga. Mume aliambulia neno moja tu, kitanda, akakimbia kwenda kutandika. Mama Cheche akakata tamaa, akajilaza kama alivyo, na Wifi akainama kumvua viatu, huku akinung'unika kwamba nyayo zina vumbi la wiki nzima.