Kibuyu cha Mshono

Mwaka jana kijana mmoja anayenunua vitu vikuukuu alifika kwangu, juu ya Kianjokoma, akakiona kibuyu cha uji cha marehemu mama. Akataja bei ya mtamba mzuri wa ng'ombe. Mwanangu akanitupia jicho la kuniambia niuze. Nikauliza kulikoni, wakati sokoni kibuyu kipya ni bei ya kipande cha sabuni.

"Cucu, hizo nzima ziko mingi," alisema yule kijana, akiniita nyanya kwa kikwetu. "Hii iko na mshono. Wazungu wanapenda hiyo mshono sana."

Nilichemka. Mshono ule naujua kuliko yeye.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nyumba zetu zilichomwa, tukasukumwa kwenye kijiji kilichozungushiwa ua, na mama zetu wakachimbishwa handaki la kututenga na msitu. Kila asubuhi homugadi, wenyeji wenzetu waliofanywa walinzi wa serikali, waliwapekua langoni, na aliyebeba uji mwingi aliamriwa kuumwaga, usije ukawafikia wapiganaji waliojificha msituni. Siku moja zamu ya mama ilifika, nami nimeshika nguo yake. Homugadi mwenyewe alikuwa jirani yetu. Mama hakumwaga. Alisimama palepale akaunywa wote, funda kwa funda, huku mstari mzima ukingoja, kisha akakiinamisha kibuyu amwonyeshe kwamba ni kitupu. Jirani akakipiga rungu. Kikapasuka kuanzia mdomoni hadi tumboni.

Kwetu kibuyu kikipasuka hakitupwi, kinashonwa. Jioni ileile mama alitia msumari motoni, akatoboa matundu kandokando ya ufa, akapitisha uzi wa katani na kuziba kwa nta ya nyuki. Kesho yake akarudi langoni na uji ndani. Kilivuja kidogo, ukamchuruzika mkononi, naye hakujipangusa. Siku ile niliogopa. Leo nikikumbuka naona fahari.

Sasa huyu kijana alikuwa akiupapasa mshono kwa kidole gumba, kama anachagua kitambaa dukani. Nikamnyang'anya kibuyu.

"Basi naongeza, Cucu."

"Hapana, siuzi. Na kama ni hiyo ufa unapenda, yule aliipiga rungu alikufa, lakini watoto wake wako hapo chini kwa barabara. Enda ulipe hao. Baba yao ndiye alipandisha bei."