Mama Yake Baba Kwenye Boriti

Enzi zetu pale Gatitu, karibu na Nyeri, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, godoro la kurukia lilikuwa rundo la unga wa mbao nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo. Juu lilikuwa na umande, lakini ukizamisha miguu ndani unapata joto kama la mkate. Baridi ya Julai tuliimalizia hapo, miguu mitupu, nduma ya jana mkononi. Viatu? Viatu vilikuwa vya kanisa. Watoto wa leo wakikosa soksi wanapigia mzazi simu.

Hapo ndipo dada yangu Wangui alipojifunza kubinuka hewani. Sisi wengine tulikuwa tunaanguka tu kama gunia la viazi. Yeye alipanda juu ya magogo, anaruka, anajikunja, anatua kwa miguu, halafu anatengeneza nguo. Magogo yenyewe yalilala marefu kando ya uzio, na alitembea juu yake akirudi kinyumenyume huku amebeba mtungi. Mama alipiga kelele: "Msichana akisimama kwa kichwa, akili inamwagika!"

Lazima niseme habari ya jina, kwa sababu bila hiyo hakuna hadithi. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Si la kumkumbuka tu, ni yeye. Kwa hivyo Baba alimwita Wangui "Maitu", yaani mama yangu, tangu akiwa kwa nepi. Hakuwahi kumchapa. Mtu anachapaje mama yake? Mimi wa pili nilipewa jina la upande wa Mama, Nyambura, na Baba alikuwa na uhuru wote wa kunichapa, akautumia.

Shuleni akaja mwalimu wa kike kutoka ng'ambo, mwembamba, hakai chini. Tulimwita Nyawira, mtu wa kazi. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma kahawa, lakini nilipita pale kila jioni kuona. Nyawira alimwona Wangui juu ya magogo akasimama mdomo wazi. Akaagiza boriti ikwanguliwe mpaka ikawa laini, akaiinua juu ya matofali, akaanza kumfundisha. Akamshonea na nguo ya michezo, ya kubana, isiyo na mikono wala miguu. Nguo gani hiyo? Hata soksi ndefu ilikuwa na kitambaa kingi kuliko hiyo.

Siku ya michezo Wangui alipinduka juu ya ile boriti mbele ya watu wote. Wazee waliokuwa wakinywa chai hotelini walimngoja Baba barabarani, vikombe mkononi.

"Baba Wangui, tumeona mama yako leo."

"Wapi?"

"Shuleni. Amegeuza miguu juu kama kuku wa Krismasi!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Baba alirudi nyumbani, akakaa, hakula. Halafu akasema, "Maitu, imetosha. Hiyo boriti usiipande tena." Wangui hakulia. Alienda nje akapasua kuni mpaka giza likaingia.

Haukupita muda Nyawira akaja na habari: wakubwa waliomwona siku ile ya michezo wamemchagua Wangui timu ya nchi, atapanda ndege kushindana na wasichana wa mataifa. Ilibaki Baba akubali. Baba akakataa. Alisema kwa heshima, lakini alikataa. "Mama yangu haendi kuonyesha wageni mapaja."

Mama ndiye aliyeenda kumwita Cucu, mama yake Baba, mwenye jina mwenyewe. Cucu alikuja na fimbo yake, akakaa kwa kigoda, akakataa uji.

"Mwanangu, huyu mtoto ni nani?"

"Ni wewe, maitu."

"Una hakika?"

"Nani asiyejua?"

"Basi mimi nataka kwenda. Mimi sijawahi kupanda hata lori. Leo nimeitiwa ndege, na wewe unanikataza. Tangu lini umekuwa baba yangu?"

Baba alitoa kopo la ugoro, akalifungua, akalifunga. Nje mbuzi walikuwa wakilia. Mwishowe akamgeukia Wangui, si Cucu, akasema, "Maitu, beba sweta. Huko kuna baridi."

Hivyo ndivyo dada yangu alivyoenda. Mara ya kwanza akaanguka kwenye boriti. Aliporudi, boma lilijaa watu. Cucu alianza, akimtazama Wangui.

"Nilianguka?"

"Ulianguka, Cucu."

"Niliumia?"

"Hapana."

"Nilirudi juu?"

"Ulirudi. Ukamaliza."

"Basi nipe chai."

Alienda tena, na tena. Nchi zingine alitutajia na bado siwezi kutamka. Dhahabu hakuleta. Alileta shaba moja, na Cucu akaivaa kanisani Jumapili juu ya sweta. Mzee wa kanisa akamwuliza ni ya nini. Akamjibu, "Nilishinda," akaenda kukaa mbele.

Baba alienda kumwona kwenye boriti mara moja tu, hapo Nyeri mjini, siku ya sherehe. Muda wote alitazama viatu vyake. Watu walipopiga kelele alinigusa mkono. "Amesimama?" Nikamwambia amesimama. Akapiga makofi sana, macho yakiwa bado kwa viatu.

Halafu goti likaharibika, mambo yakaisha. Wangui akaenda Timau kufundisha wasichana, akafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Hajalalamika. Mimi pia sina la kulalamika. Kiwanda kiliondoka, siku hizi pale ni vyumba vya kupangisha, na unga wa mbao sijui wanapeleka wapi.

Ninaishi na mwanangu. Binti yake wa kwanza ni Nyambura, yaani ni mimi. Baba yake anamwita "mami", lakini nadhani amesikia tu wengine wakisema. Mtoto anabinuka kwa kochi, simu ameiegemeza kwa thamosi yangu. Anarudia mara nyingi mpaka simu iridhike. Yeye hawajui watu wanaomtazama kwenye simu, na wao hawamjui. Sisi tulikuwa na wazee wa hotelini. Walikuwa na midomo mibaya, lakini walijua wewe ni mama ya nani.

Juzi alianguka, kichwa kwa zulia. Kitu cha kwanza alichotazama ni simu.

Nikamwuliza, "Niliumia?"

Akacheka. "Shosho, si wewe umeanguka. Ni mimi."

Nikachukua thamosi yangu, simu ikaanguka, nikajimiminia chai.