Ukuta Mweupe wa Ogle

Ukitaka habari za Ogle mpiga picha, kaa kwanza, shika chai, na usinikatize, maana nikianza damu hunichemka.

Meza yangu ya chai hapa Garissa ilitazamana na ukuta wa ghala la serikali, mweupe pe. Ogle alikuwa na studio yake mtaa wa Iftin, kijumba chenye pazia jeusi, lakini kila asubuhi alikuja na kamera na kigoda akasimama mbele ya ukuta ule. Kisa? Mama zetu. Mwambie mama wa Kisomali wa miaka sitini aingie nyuma ya pazia na mwanamume asiye ndugu yake, uone kama hutakula bakora! Basi Ogle aliwapiga picha nje, mchana kweupe, watu wote wakiona, asiwepo wa kusema neno. "Walaalo, ndugu yangu, Mungu ameshawasha jua," alikuwa akiniambia, "mimi ni nani niwashe taa?"

Kisha marufuku zikaanza. Kwanza daraja la Tana: kibao, picha marufuku. Sawa, tukasema, daraja ni daraja. Mara posta. Mara soko la mifugo. Soko la mifugo, jamani! Kuna siri gani mkiani mwa ngamia? Kufika mwaka wa tisini na saba, askari walikuwa wanafukuza kamera popote penye jengo la serikali.

Mwaka huo habaryar wangu Bilan, mdogo wake mama, alikuja kutoka Wajir na uvimbe shingoni. Daktari akasema apelekwe Nairobi upesi. Lakini bila kipande, yaani kitambulisho, Msomali havuki kizuizi cha darajani, na karani wa vipande alitaka picha mbili, nyuma pawe peupe. Habaryar studio hakutaka hata kuisikia. "Hata ukiingia nami, Sirad, siingii."

Nikampeleka kwa Ogle ukutani. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mgongo, akauliza kama acheke.

"Usicheke, habaryar, serikali haipendi," Ogle akamwambia, naye akacheka papo hapo. Ogle akabonyeza.

Ndipo akatokea afande mmoja, tumbo mbele. "Nani amekuruhusu kupiga picha jengo la serikali?"

"Afande, ni uso wa mama mgonjwa. Ni wa kipande, mnachokitaka nyinyi wenyewe."

"Kapigie ndani!" Akampokonya kamera, akaifungua, akauvuta mkanda wote juani. Nyuso ishirini na tisa ziliungua pale, za watu waliokuwa wakingoja mkanda ujae upelekwe kusafishwa, na wa mwisho ulikuwa wa habaryar. Mkanda akautupa kwenye karai langu la vikombe. Ptuu! Serikali inadai picha, serikali inakataza picha, na mtu mzima anaona fahari kuwa mjinga katikati.

Kamera ikazuiliwa kituoni wiki tatu, na wapiga picha wengine wakaogopa kutoa zao nje. Habaryar alipokuwa hawezi tena kuketi, nikampandisha basi hivyo hivyo, na barua ya daktari mkononi. Darajani askari akaisoma, akanirudishia.

"Barua haina sura," akasema. "Mshushe."

Alifia nyumbani kwangu Alhamisi iliyofuata. Nilimfunika uso mwenyewe, na picha yake sina hata moja.

Desemba, afande yule yule akapata uhamisho. Akamwita Ogle, bila haya usoni: "Nipige darajani, kibao kionekane, watu wa kwetu waone nilikofanya kazi." Nilifuata nikaone kichefuchefu hicho kwa macho yangu. Ogle akatia mkanda mpya. Afande akatoa kifua, akatabasamu, akageuka upande huu na ule. Ogle akambonyezea zote thelathini na sita.

Halafu akafungua kamera. Akauvuta mkanda juani taratibu, akamwekea mkononi.

"Afande, picha hapa marufuku."

Askari walimpiga, wakamweka ndani siku nne. Kamera hawakumrudishia tena. Alipotoka alikuja mezani kwangu, mdomo umevimba, akaagiza chai. Nikamgombeza: "Ogle, una watoto sita! Ulikuwa unafikiria nini?"

Akapuliza chai.

"Habaryar alikuwa amecheka vizuri," akasema.