Mashine Iliyomkataa Kezia

Mashine yangu ilimkataa Kezia peupe, darasa zima likiona.

Akiweka chupa ya maji ya bluu, mita inasoma kana kwamba ni maji matupu ya mvua. Nikiweka mimi chupa ile ile, inasoma sawasawa.

Mara kumi. Wenzake wakaanza kunong'ona kuwa ana mkosi.

Mimi ni mwalimu wa kemia, Uriri, kaunti ya Migori. Spektrofotometa ya kiwandani, mashine ya kupima rangi ya maji kwa mwanga, shule yetu huisoma vitabuni tu, kwa hivyo nilijiundia yangu: katoni ya viatu, taa nyekundu ndogo, mita ya fundi umeme, na kihisi cha mwanga nilichong'oa kwenye taa mbovu ya nje, zile zinazojiwasha giza likiingia. Rangi ya maji ikikolea, mwanga unaopita unapungua na namba inashuka. Basi, hakuna uchawi.

Kezia ndiye angeionyesha kwenye maonyesho ya sayansi Homa Bay. Alikuwa amefanya mazoezi muhula mzima.

Nilimkaripia. Mara unatetemeka, mara una mafuta mikononi. Akanawa mpaka vidole vikakunjamana. Wapi!

Siku ya Jumanne Kezia aliinua mkono aseme kitu, nikamkata kauli. Nikamwambia asiguse tena mashine, kazi nikampa mwenzake, Byron. Nilikuwa nimechoka na kile kikatoni, nakiri.

Siku ikafika. Ukumbini, Byron naye akapata namba za ajabu. Jaji akaandika sifuri. Nilitamani kuipiga teke ile katoni.

Kezia, tuliyemleta abebe chupa tu, akanivuta shati.

"Mwalimu, simama hapo kwa dirisha, vile unasimamanga darasani."

Nikasimama. Namba ikatulia, sawa kabisa.

Akavua sweta, akafunika katoni, akaniambia nitoke. Bado sawa.

"Katoni inaingiza mwanga," akasema. "Wewe ukipima, tumbo lako linaziba dirisha."

Watu walicheka, hata jaji. Lakini sifuri yake hakuifuta.

Tukiwa tunafunga vitu nikamuuliza alijua lini.

"Jumanne. Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia."



Mwalimu mwenzangu, kabla hujasema mkono wa mwanafunzi ndio mbaya, hebu jisogeze kando kwanza uone.