Leseni Ndani ya Biblia ya Mzee Nyabuto

Bi. Edinah Kemuma ana kibanda cha kuchapa barua mjini Keroka, nyuma ya uwanja ambako malori ya Kericho hupumzika. Kwa miaka kumi na minane amewaandikia watu wa Kisii na Nyamira barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba ya majani chai na ratiba za mazishi. Jumamosi hafungui, kwa kuwa yeye ni Msabato, tena karani wa kanisa lake. Ijumaa jua likianza kushuka, huifunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe na kwenda nyumbani.

Watu wa mjini humtania kwa jambo moja. Miaka mitatu iliyopita alinunua leseni halali ya programu ya kuandikia, ilhali majirani zake walitumia nakala za wizi. Walimwambia kuwa amenunua hewa. Aliwajibu kwa upole kwamba orodha ya wanaobatizwa haiandikwi kwa kalamu iliyoibwa.

Ijumaa moja ya Agosti kompyuta hiyo ilitoa mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga, kisha ikanyamaza. Diski ilikuwa imekufa. Kesho yake kwaya ya akina mama wazee ilitarajia kupokea kijitabu chao cha kwanza cha nyimbo za lugha yao ya Ekegusii, nyimbo ambazo walikuwa wameziimba kwa kukumbuka tu tangu usichana wao. Nakala ya nyimbo ilikuwa salama kwenye flashi iliyoning'inia pamoja na funguo za kibanda. Zilibaki nyimbo nne za kusahihisha, na vijitabu themanini vya kuchapisha kabla ya jua kutua.

Fundi wa jirani, Ben Ochanda, aliyetoka upande wa ziwani, alifunga diski mpya na kusakinisha upya mfumo endeshi. Huo haukusumbua, leseni yake ilikuwa imefungamana na mashine yenyewe, ikajitambua mara tu mtandao ulipopatikana. Programu ya kuandikia ndiyo iliyogoma. Ilifungua nyimbo zisomwe, lakini ikakataa kusahihisha hata nukta mpaka ipewe herufi na tarakimu zake ishirini na tano.

"Nipe namba, Mama," Ochanda alisema.

"Iko kwenye Biblia."

Ochanda alimtazama, asijue kama anataniwa. Edinah alimweleza kwamba marehemu baba yake, Mzee Nyabuto, aliandika nyuma ya Biblia kila jambo lisilopaswa kupotea: kuzaliwa kwa watoto, siku ya kuezeka nyumba kwa mabati, siku ng'ombe wa kwanza wa gredi, yule wa maziwa mengi, alipofika bomani. Naye Edinah, akifuata desturi hiyo, aliiandika leseni chini ya jina la Sheila, kitinda mimba wake. Kadi ya leseni yenyewe ilitumika kuwashia moto zamani.

Tatizo ni kwamba Biblia ilikuwa kijijini Itumbe. Kaka yake, Manasseh, alikuwa ameiazima miezi miwili nyuma ili apate tarehe ya kuzaliwa kwake.

Edinah alimpigia simu. Manasseh alifunua ukurasa na kusema kwamba chini ya Sheila yupo Gentrix, mjukuu wake aliyezaliwa Juni. Edinah akamuuliza Gentrix ameandikwa juu ya nini. Hapo kaka akakiri: alikuta mstari usiosomeka, akabandika kipande cha karatasi juu yake, na jina la mtoto akaliandika hapo kwa mwandiko mzuri.

"Nilidhani ni mtoto amechezea kalamu," alijitetea. "Nani huandika kitu kama kile chini ya watoto?"

"Mimi."

Saa kumi ilikuwa imepita. Ochanda alikohoa na kusema kwa sauti ya chini kwamba anayo ile nakala ya bure, isiyo na leseni. Ni dakika tano tu, na hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua, na wewe utajua," Edinah alisema. "Hao tayari ni watu wawili."

Aliyewaokoa ni Nyanchera, mke wa Manasseh, ambaye chai yake ilikuwa ikichemka jikoni. Katika simu alisikika akimwamuru mumewe asogee. Aliushikilia ukurasa juu ya mvuke wa sufuria, na kile kipande kikaanza kuachia pembeni, kikatoka chote. Ndipo Manasseh akaanza kusoma polepole kama anayeita majina darasani: N ya Nyamira, K ya Keroka, saba. Edinah alibonyeza, Ochanda akahakikisha. Programu ikakubali.

Vijitabu sabini na kimoja vilikuwa vimebanwa kwa pini jua lilipogusa kilima. Tisa vilibaki karatasi huru, na kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia, Edinah hakuruhusu hata kimoja kiguswe tena. Kesho yake akina mama tisa waliimba wakiwa wamevibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyofuata Manasseh aliirudisha Biblia. Gentrix sasa ana mstari wake mwenyewe, chini ya leseni, na Sheila hulalamika kuwa amepokonywa ukitinda mimba na kompyuta. Ochanda naye alikuja mwezi wa Septemba na kadi ndogo ya leseni mkononi, akauliza kama bado kuna nafasi kwenye ukurasa ule. Edinah alimwambia aanze na Biblia ya kwao, akamwazima kalamu.