Utosi Uliofunga Mapema

Kupasua kuni, kubeba gunia la mahindi, kumfukuza mlevi mlangoni: hayo Nabwile wa Myanga aliyaweza kushinda wanaume watatu, na anayebisha hajamwona. Kitu kimoja kilimshinda, kunyamaza akisifiwa.

Jairus, mtoto wake, alizaliwa mwaka wa elfu mbili na nne. Kila asubuhi mama mkwe, Agneta, alimpaka mafuta utosini na kuubonyeza. Huko kwao utosi ukididimia, watu hukimbilia miti shamba wakilia. Wa Jairus, mwezi wa pili tu, ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Agneta akapiga vigelegele.

"Huyu amefunga! Ugonjwa wa utosi utampatia wapi?"

Nabwile akamzungusha soko zima. "Shikeni, bana! Wenu wana vichwa vya uji."

Mwaka mmoja baadaye kichwa kilikuwa kimepanda juu kama papai, macho yametokeza. Soko likalipiza.

"Nabwile, ati ulizaa na kinyonga?" aliuliza mama mmoja, muuza dagaa wa omena.

"Si kinyonga ni bwanako, anabadilika kila nyumba!"

Alijibu vizuri, akaenda nyumbani kulia. Alipompeleka Jairus hospitali ya Kitale, daktari akamwambia wazi: mifupa imeshikana mapema, ubongo hauna nafasi, na macho ndiyo yanaumia. Wakipasua fuvu sasa, huenda macho yakaokoka. Arudi Alhamisi.

Hakurudi. Angepitaje sokoni na mshono juu ya kichwa alichokitangaza mwenyewe? Alhamisi zikapita, mwaka ukapita, mpaka Jairus akaanza kujigonga kwenye milango.

Ndipo akamrudisha Kitale. Wakapasua, wakapanua fuvu, kazi safi kabisa. Bandeji ilipotoka, daktari alimulika tochi jicho hili, jicho lile, akaizima.

"Mama, ubongo sasa una nafasi. Macho tumeyachelewa."

"Yatarudi lini?"

"Hayatarudi."

Myanga nzima ilikuja kumwona. "Kumbe mtoto ni mzuri hivi!" yule muuza omena alishangaa, na safari hii hakuwa anatania. Agneta akamenya ndizi, akamnyooshea mjukuu. Jairus akatabasamu kuelekea sauti, mikono imelala magotini. Agneta akaisogeza ndizi hadi karibu na pua yake, akangoja.

"Chukua, baba. Si hii hapa?"

"Mama," Nabwile akasema, "mguse mkono kwanza."