Mlinzi wa Kandambili

Matiko alipogongana vichwa na mshambuliaji wa timu ya shule ya Nyasura, mlio wake ulikuwa wa vibuyu viwili vitupu. Mwalimu Stanslaus, anayefundisha historia na kwa hiyo ndiye daktari wa timu, alimmwagia chupa nzima ya maji utosini, akamnyooshea vidole.

"Vingapi hivi?"

"Jumanne."

"Yuko vizuri. Arudi ndani."

Akarudi. Alimpasia mshambuliaji yule yule, pasi safi kuliko zote alizowahi kupiga maishani, akamwamkia shikamoo, kisha akatapika kwenye nguzo ya goli.

Kwenye kituo cha afya, Daktari Hafidha hakucheka. Alisema ubongo umetikisika. Apumzike kwanza, darasani arudi kabla ya uwanjani, halafu atembee, akimbie polepole, afanye mazoezi bila kugongana na mtu. Mechi mpaka apimwe tena.

"Kichwa kikianza kuuma, unasema, unarudi hatua moja nyuma. Na siku hizi za mwanzo usikae peke yako. Unaishi na nani?"

"Naishi geto, dokta."

Geto ni chumba cha kupanga cha mwanafunzi: godoro, ndoo, jiko la mafuta ya taa. Mama yake, Flora, yuko Kibara anakaanga samaki. Alipigiwa simu.

"Umepasuka?"

"Hapana, mama."

"Damu je?"

"Hakuna."

"Sasa unaumwa nini, mwanangu?"

Ndiyo shida ya ugonjwa huu, haukuachii hata kovu la kuwaonyesha watu.

Mwalimu Stanslaus, kwa aibu ya vile vidole, alimlaza kwenye kochi lake na kumuuliza kila mara leo ni siku gani. Hatari ilipopita, mke wa mwalimu akataka kochi lake. Matiko akarudi geto, akafunga pazia kwa sababu mwanga ulimchoma, akazima simu kwa sababu ilimzungusha kichwa. Nahodha Prosper na wenzake walikuja kumjulia hali na spika inayodunda. Akawaomba waizime. Wakaizima, wakaangaliana, wakaondoka. Hawakurudi.

Alipoanza kutoka nje, timu ilimpa kazi. Kwao asiyecheza hulinda kandambili za wanaocheza. Basi akakaa pembeni, kandambili zimepangwa mbele yake kama darasa lisilouliza maswali.

"Mlinzi, hizo zangu za bluu usizichanganye!" Prosper alimpigia kelele akikimbia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima.

Alipanda hatua zote polepole. Hafidha akampima, akamruhusu kucheza, kwa sharti lile lile: kikiuma, aseme.

Mechi ilikuwa Bunda, na Nyasura wale wale. Wakipasha misuli, mbio za pili tu, mlio ukaanza sikioni na jua likawa sindano. Hakuna aliyeona. Angeweza kunyamaza.

Na kunyamaza alikuwa amefunzwa vizuri. Desemba alisimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, wajomba wamemzunguka na virungu, tayari kumwita mwanaume au kumfukuza kijijini, kutegemea kope zake. Mtu aliyepita pale hasemi "naumia" mbele ya watu. Akiumia, anakohoa.

"Vipi, mwanaume?" Prosper akauliza.

Matiko akakohoa.

"Kifua?"

"Kichwa."

"Kimefanyaje?"

Wasichana wa Nyasura walikuwa wamesimama karibu kabisa. Siku ya kisu ilikuwa rahisi; ukoo mzima ulimshangilia kwa sababu alinyamaza.

"Kinauma," akasema. Mwalimu alikuwa mbali, ikabidi apaze sauti. "Mwalimu! Kichwa kinauma!"

"Weee! Hata wasiotahiriwa hawaliagi hivyo!" msichana mmoja akadakia.

"Huyu walimtahiri kwenye picha!"

Uwanja ukacheka. Mwalimu Stanslaus alikuja mbio, na safari hii hakunyoosha kidole hata kimoja. "Vua viatu. Fredi, ingia."

Fredi aliingia, akajifunga goli kwa ufundi wa hali ya juu. Mechi ilipoisha, kila mtu alikuja kwa Matiko kuchukua kandambili zake bila kusema asante. Prosper alizisukuma zake za bluu kwa mguu mpaka mbali naye, ndipo akazivaa.

Matiko alimpigia mama.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Wewe umecheza?"

"Nimelinda viatu. Kichwa kinauma, mama."

Mafuta yalisikika yakichemka Kibara. "Pole," akasema mama. "Ngoja nigeuze samaki." Simu ikakatika.

Jumatatu alirudi hatua ya kutembea. Timu ilikuwa ikifanya mazoezi katikati. Yeye aliuzunguka uwanja peke yake, polepole, kama mtu anayepima shamba. Kandambili zilikuwa pale pembeni, hakuna aliyemwambia azilinde. Kila akizipita alizitazama kama zimetimia. Zilikuwa zimetimia, na hakuna aliyemuuliza.